Mdudu wa pembe ndefu katoka kwenye gogo la mti wa asili huku Mufindi, hatambuliki popote. Utaratibu wa kumpa jina ukoje?

Fundi_Mabanzi
Kamwene wakuu. Niko Mafinga nina karakana ndogo ya mbao, kazi yangu kubwa ni paina na milingoti, ila mjomba kaniletea gogo la mti wa asili ulioanguka shambani kwake kule pembezoni mwa msitu, anataka nimpasulie mbao. Nikaliacha uani likauke kidogo. Sasa asubuhi moja nakuta tundu la mviringo kwenye gome linaloingia kidole kidogo, unga wa mbao umemwagika chini, na juu ya gogo kuna mdudu katulia kama abiria anayesubiri Coaster.

Mweusi, ana mabaka ya rangi ya kutu, mabegani doti mbili nyeupe, pembe zimepita mwili karibu mara mbili na zina pingili nyeusi na kijivu zinapishana. Nikimshika analia wakuu, sitanii, kriii kriii huku anatikisa shingo. Nimepiga picha nikatafuta gugo hakuna anayefanana naye, ile programu ya kutambua wadudu imetoa jina la familia tu Cerambycidae ikaishia hapo. Wazee wanasema wadudu wa pembe ndefu wapo siku zote ila huyu wa doti hawamkumbuki.

Sasa naomba kujua, anaweza akawa mpya kabisa ambaye sayansi haimjui? Na kama ni mpya unaenda ofisi gani kumsajili, na naweza kumpa jina la mama yangu? Halafu jirani ananishauri nimtumbukize kwenye konyagi asioze, ni sawa?

Mnyiha_wa_Mlowo
Mkuu huyo ni bungua, mdudu anayetoboa miti, ua haraka sana. Sisi wa kahawa huku Mbozi hatucheki nao. Kuna yule bungua mweupe, Monochamus leuconotus, naye ana pembe hizo hizo, anataga chini kabisa kwenye shina, funza wake akitoka anazunguka chini ya gome anakula mpaka anakata njia ya chakula, we unaona majani yanageuka njano unafikiri mbolea imepungua kumbe mti umeshakatwa kwa ndani. Konyagi kunywa mwenyewe.

Dada_Wadudu
Mnyiha usimtishe fundi wa watu. Ni ndugu wa bungua wako kweli, ila hiyo familia ina aina zaidi ya 35,000 zilizokwisha kupewa majina duniani na wengi wao hawana habari na kahawa, funza wao wanakula miti iliyokufa au inayokaribia kufa huko huko msituni.

Fundi, hiyo sauti ni kifua cha mbele kinasugua kibao chenye mistari myembamba kilichopo chini yake, wengi wa familia hii wanafanya hivyo wakishikwa. Sasa mwangalie uso. Kama umesimama wima na mdomo unatazama chini, basi yuko kundi la Lamiinae, na hapo ndo penye shughuli maana kundi hilo peke yake ni zaidi ya nusu ya familia nzima. Kuna bwana mmoja aliitwa Stephan von Breuning, yeye peke yake alitoa majina zaidi ya 7,000 ya kundi hilo, ya Afrika yakiwemo mengi, na mara nyingi maelezo yenyewe ni mistari michache bila hata picha. Kwa hiyo gugo kutomjua hakuthibitishi kitu. Inawezekana ndugu yake amelala kwenye droo ya makumbusho pale Tervuren Ubelgiji, au Paris, au London, tangu enzi za mkoloni, ana pini mgongoni na jina lake limeandikwa, ila hakuna aliyewahi kumpiga picha akaiweka mtandaoni. Anayetaka kusema huyu ni mpya lazima akamlinganishe na hao wa kwenye droo, na dume na jike wote, maana dume huwa na pembe ndefu zaidi na kuna watu walishatoa majina mawili kwa mke na mume wa aina moja.

Ofisi ya kusajili hakuna. Jina linazaliwa siku linapochapishwa kwenye jarida. Kuna kanuni za kimataifa za majina ya wanyama, toleo linalotumika sasa lilianza 2000, zinataka useme wazi kuwa hii ni aina mpya, ueleze inatofautianaje na wenzake, na umtaje mdudu mmoja kuwa ndo kielelezo, wanamuita holotaipu, na kahifadhiwa wapi ili mwingine akibisha aende akamuone. Tangu 2012 ruksa kuchapisha mtandaoni bila karatasi ila kazi iwe imeandikishwa ZooBank, daftari la mtandaoni la majina ya wanyama. Kinachokula muda ni kupasua tumbo na kutoa viungo vya uzazi vya dume, kuvilainisha na kuvichora, maana wadudu wawili wanaweza kufanana mpaka doti halafu huko ndani hawana uhusiano.

Konyagi hapana. Ni asilimia 35, ataoza polepole huku amelewa 😂 Na hata ukipata spiriti kali bado simshauri, hayo mabaka na doti unazoziona mara nyingi siyo rangi ya gamba, ni vinyweleo vidogo sana vimelala, vikilowa na kusuguana vinatoka unabaki na mdudu mweusi tu asiye na ushahidi wowote. Mweke kwenye friza usiku mzima, kwenye kichupa chenye tishu kavu. Asubuhi mtoe, pini ipite kwenye bawa gumu la kulia siyo katikati, mguu mmoja ung'oe uuweke kwenye spiriti ya 95 kwa ajili ya DNA. Ndani ya kiboksi weka naftalini la sivyo sisimizi watakusaidia kummaliza. Lebo andika kwa penseli: kijiji, mwinuko kutoka usawa wa bahari, tarehe, nani kamkamata, katoka mti gani. Mdudu asiye na lebo ni pambo.

Na gogo USILIPASUE. Lifunge lote na neti kuukuu ya mbu, wengine bado wako ndani, ila ujue wanaweza kuchukua mwaka au zaidi kutoka. Mti wenyewe muulize mjomba unaitwaje kwa Kihehe na akuletee majani.

Busokelo_Asilia
Mi huwa nachoka na hizi habari za kugundua. Kipunji wawindaji wa Rungwe wamemjua toka enzi, watafiti wakaja wakasikia kwao, 2005 dunia nzima ikatangaziwa tumbili mpya. Kesho na huyu wa fundi atagunduliwa na mtu ambaye Mafinga hajawahi kushuka hata stendi.

Dada_Wadudu
Kaka hapo una hoja, na ndo maana namkazania fundi aandike jina lake kwenye lebo. Ila cheki mambo ya kipunji yalivyokwenda. Walimtambulisha kwa picha tu, wakamuweka kwenye jenasi, yaani kundi la aina zinazokaribiana, ya Lophocebus. Mwaka huo huo kipunji mdogo akafa kwenye mtego wa mkulima hapo hapo Rungwe, wataalamu walipoupata mwili wakapima ikaonekana yuko karibu zaidi na nyani, 2006 akapewa jenasi yake mwenyewe, Rungwecebus, na jina la kipunji la Wanyakyusa likabaki palepale. Mtego wa shambani ulimaliza kazi ambayo picha iliishia njiani. Hata kwale wa Udzungwa ilikuwa hivyo hivyo, 1991 watafiti waliona miguu wasiyoielewa kwenye sufuria ya chakula cha jioni kambini, 1994 jina likatoka.

Fundi_Mabanzi
Daah shukrani sana dada. Friza ipo, mdogo wangu anauza barafu za ubuyu, ntamchomeka chini kabisa asione. Tatizo ni mjomba, anataka mbao zake wiki hii. Na lile la jina la mama hujanijibu.

Dada_Wadudu
Mjomba mpasulie paina, gogo lililotobolewa hivyo unategemea mbao gani. Jina la mtu linaruhusiwa, la mwanamke huishia -ae, kwa mfano mama akiitwa Neema inakuwa neemae. Lakini anayechagua ni yule atakayeandika na kuchapisha, kwa hiyo elewaneni mapema kabla hujampa mdudu. La kujipa mwenyewe halijakatazwa ila watu watakucheka.

Anza na watu wa wadudu SUA, chuo kikuu cha kilimo Morogoro, au idara ya zoolojia pale UDSM, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Wakikuibukia inbox watu wa nje wanataka umtume kwa posta, usitume, sampuli kutoka nchini inahitaji kibali. Kwa sasa naomba picha tatu, mgongoni, tumboni na uso kwa mbele, piga kivulini siyo juani, rula pembeni, na pembe zote mbili zionekane mpaka ncha.