Akiba ya dola ya Uganda inahesabiwaje, na madeni yanakatwa wapi?

MwanaKikuubo
Habari zenu jamani. Mimi naagiza spea za pikipiki kutoka China, dola ikipanda kidogo tu mtaji unakatika, kwa hiyo taarifa za akiba ya kigeni nazifuatilia sana. Kila mara tunaambiwa inatosha kuagiza bidhaa miezi kadhaa, na EAC inataka miezi 4.5. Sasa hiyo akiba nani anaihesabu na anahesabu nini hasa? Na zikiwa ni dola za kukopa bado zinaitwa akiba?

Mhasibu_Jinja
Ssebo, anayehesabu ni Benki Kuu ya Uganda, kanuni ni za IMF, yaani Shirika la Fedha la Kimataifa, ule mwongozo wa 2009 wa urari wa malipo (hesabu ya fedha zinazoingia na kutoka nchini). Ili dola ihesabiwe lazima iwe mali tunayowadai watu wa nje, iwe chini ya udhibiti wa Benki Kuu na iweze kutumika mara ikihitajika. Dola zako za akaunti hazimo, za maduka ya kubadilisha fedha hazimo, na jengo lao la Kampala Road halimo pia. Yaliyomo ni amana kwenye benki za nje, hatifungani kama za serikali ya Marekani, SDR (mali ya akiba ambayo IMF huzigawia nchi wanachama), nafasi yetu ndani ya IMF, yaani kiasi tunachoweza kukichukua kule mara moja, na dhahabu. Na dhahabu lazima iwe na usafi wa angalau 995 kwa 1000, kwa hiyo ule mpango wa kununua ya wachimbaji wa humu nchini, mpaka isafishwe ifike hapo ndio inaingia. Halafu vyote vinathaminiwa kwa bei ya soko, yaani euro ikishuka akiba yetu kwa dola inapungua hata kama hakuna aliyegusa kitu.

MwanaKikuubo
Asante sana ndugu. Na za kukopa?

DadaWaTororo
Hapo ndipo penyewe kaka. Juni 2021 IMF ilitupitishia mkopo wa kama dola bilioni 1, uliopangwa kutoka kwa awamu. Awamu ikiingia Benki Kuu, akiba ghafi, yaani kabla ya kukata madeni, inapanda siku hiyo hiyo na magazeti yanaandika imepanda, lakini akiba neti, iliyokatwa madeni, haisogei kwa sababu deni la IMF linakatwa. Agosti mwaka huo huo IMF ikagawa SDR dunia nzima, thamani yake kama dola bilioni 650, sisi tukapata kama SDR milioni 346. Zile nazo zinaandikwa pande mbili, huku mali kwenye akiba, kule deni la muda mrefu, na ukizitumia unalipa riba kwa pengo kati ya ulizogawiwa na ulizobaki nazo. Kwa hiyo mtu akikutajia akiba, muulize kwanza ghafi au neti!

MwanaKikuubo
Basi si watangaze neti peke yake tuelewane?

Mhasibu_Jinja
Haitoshi, kwa sababu kuna muda. Thailand 1997 ilionyesha akiba ya mabilioni mengi, kumbe benki kuu yake ilikuwa imeshafunga mikataba ya kuuza baadaye zaidi ya dola bilioni 23, na kwenye tarakimu iliyotangazwa hazikuonekana kabisa. Tarehe 2 Julai wakaiachia baht, sarafu yao, ipangwe bei na soko. Korea Kusini mwaka huo huo sehemu ya akiba ilikuwa imewekwa kwenye matawi ya nje ya benki zao wenyewe, na zilipohitajika hazikupatikana. Ndio 1999 IMF ikaleta ile fomu yenye sehemu nne: mali, malipo yanayojulikana ya miezi 12 ijayo, malipo yanayoweza kutokea, na maelezo ya ziada. Malipo yanagawanywa ya ndani ya mwezi 1, mwezi 1 hadi 3, miezi 3 hadi mwaka. Mimi nikiipata ya nchi yoyote naanza na ule mstari wa mwezi 1.

Mzee_Arua
Vijana mmeeleza vizuri. Niongeze kitu kimoja ambacho kinaniuma. Wageni wananunua hatifungani zetu za shilingi. Hilo ni deni la shilingi, kwenye madeni ya akiba hulioni, liko kwenye taarifa nyingine ya mali na madeni yote ya nchi kwa nje. Lakini wakiamua kuondoka wanauza hatifungani, wanachukua shilingi, wanakwenda sokoni kutafuta dola zile zile MwanaKikuubo anazitafuta za spea. Kwa hiyo mwanangu soma zote mbili, ya akiba na hiyo ya mali na madeni, ziko kwenye tovuti ya Benki Kuu.