Baiskeli ya umeme inagoma mlimani Soni: nibadilishe sproketi ya mbele au friwili?

MamaKaroti: Wakuu, habari za jioni. Nina baiskeli ya umeme, ringi inchi 26, mota wati 250. Sproketi ya mbele, yaani gurudumu la meno la kwenye pedeli, ina meno 48; nyuma friwili, yaani seti ya magurudumu ya meno, ya gia saba, meno 14 hadi 28. Nabeba karoti na kabichi kama kilo 30 kupeleka sokoni Soni. Tambarare inakwenda vizuri sana. Shida ni kona moja ya changarawe karibu na nyumbani: hata kwenye gia nyepesi kabisa pedeli inakaza, mpaka nashuka nasukuma. Magoti yananiuma usiku. Fundi mmoja anasema nibadilishe sproketi, mwingine anasema niuze nitafute yenye mota kubwa. Hela ya kujaribujaribu sina.

FundiSpoku: Pole dada. Usinunue kitu kwanza. Mota iko wapi, kwenye pedeli au ndani ya gurudumu?

MamaKaroti: Ndani ya gurudumu la nyuma, kaka.

FundiSpoku: Basi elewa hili, maana wengi hupoteza hela hapa. Mota ya kwenye pedeli inavuta kupitia cheni, kwa hiyo gia nyepesi inaipunguzia kazi nayo pia. Yako haipiti kwenye cheni. Ukibadilisha meno, nafuu inakwenda kwenye miguu yako tu. Lakini bado inalipa. Kwa 48 na 28, ukizungusha pedeli mara moja gurudumu linazunguka mara 1.7. Mbele ukiweka 38 inashuka hadi karibu 1.4, na nyuma ukiongeza friwili ya 34 inafika 1.1. Leo ukikanyaga mara 60 kwa dakika lazima uwe kwenye mwendo wa karibu kilomita 13 kwa saa, na kona ile haikubali. Kwa 1.1 utapanda kwenye 8 bila kukaza.

Babu Magamba: Mjukuu wangu, anza na ya mbele. Friwili ya 34 huenda ikagombana na deraila, kile kifaa cha kuhamisha cheni kwenye gia. Nyingi za gia saba mkono wake ni mfupi. Tena kuifungua lazima utoe gurudumu lenye waya za mota. Ya mbele ni kupunguza pingili za cheni tu. Cheni ikiwa imechoka, nunua mpya, la sivyo itaruka meno katikati ya mlima.

Mpandaji_Lushoto: Niongeze jambo moja, tafadhali lizingatie. Wewe, baiskeli na mzigo mkifika kilo 130, mwinuko wa asilimia 10 kwa mwendo wa 8 unataka karibu wati 300. Mota peke yake haitoshi. Na mota ya gurudumuni ikizunguka polepole huku inavuta umeme mwingi, umeme unageuka joto. Mimi niliiacha inivute bila kukanyaga, plagi ya waya ikayeyuka ikashikana kama nta. Kanyaga muda wote. Ukifika juu gusa mota. Ikiwa haishikiki, pumzika.

MamaKaroti: Shikamoo babu, asanteni wote. Nimeangalia, sproketi imepigwa ribiti kwenye krenki, yaani mkono wa pedeli, haifunguki.

Babu Magamba: Marahaba. Basi badilisha krenki nzima, ya meno 38. Hakikisha tundu la ekseli ni la mraba kama la zamani.

MamaKaroti: Fundi anayo iliyotumika, meno hayajalika. Tunafunga Jumamosi. Gulio lijalo napanda na kilo 20 kwanza, nitawaletea jibu la ile kona.