Wajawazito wa vijijini wanagombezwa kwa kuchelewa kliniki, lakini wakifika wanarudishwa na kadi zinajazwa bila vipimo

Ndugu wanajukwaa,

Nimeiweka hasira hii wiki tatu nikisubiri nitulie ndipo niandike, na nakiri kwamba bado sijatulia. Mbele yangu ipo kadi ya kliniki ya wifi yangu. Ina mahudhurio manne, na katika safu ya presha yote manne yameandikwa 120/80, yaani presha ya kawaida, kwa mwandiko mmoja na wino mmoja. Sijapata kusikia mtu ambaye presha yake haikupanda wala kushuka hata kidogo kwa zaidi ya miezi mitatu, tena akiwa na mimba. Nilipomuuliza kama aliwahi kufungwa mkanda wa kipimo mkononi, alinijibu kwamba ni mara ya kwanza tu, na hata siku hiyo mpira ulikuwa unavuja upepo, muuguzi akaukunja na kumwambia, "Mama, wewe huonekani kuwa na presha."

Presha haionekani kwa macho, na ndiyo sababu kipimo kikatengenezwa. Kifafa cha mimba hutanguliwa na presha ambayo kwa kawaida huanza kupanda baada ya wiki ya 20, na mwanamke anaweza kufikisha 140/90 na zaidi huku akipika, akifua na kucheka kama kawaida. Kuumwa kichwa, kuona vimulimuli na kuvimba uso huja baadaye, au visije kabisa hadi degedege lenyewe. Wifi yangu alipofika wiki ya 32 alilalamika kichwa siku mbili mfululizo, nasi tukampima kwa mashine ya mama yangu, ambaye ni mgonjwa wa presha wa siku nyingi. Ilisoma 152/98. Tukarudia baada ya saa nne, ikasoma karibu vilevile. Hospitali ya mbali tuliyomkimbiza ilikuta protini kwenye mkojo wake, dalili nyingine ya hatari hiyo, kitu ambacho kijiti kimoja cha kuchovya kingekionyesha pale pale kijijini, kama vijiti vingekuwapo.

Sasa nifike kwenye jambo linaloniudhi kuliko yote. Juu ya kadi hiyohiyo, kwa wino mwekundu, kumeandikwa "Amechelewa kuanza". Wifi yangu hakuchelewa. Alikwenda akiwa na wiki 10. Akaambiwa kwamba wenye mahudhurio ya kwanza hupokelewa siku moja tu katika wiki, na siku hiyo haikuwa yake. Wiki iliyofuata akatembea tena mwendo uleule, akaambiwa hapokelewi bila mume. Kaka yangu anafanya kazi mbali, na hadi alipopata ruhusa ya kuja nyumbani mimba ilikuwa imefika wiki ya 17. Aliyemrudisha mara mbili ndiye aliyemwandikia kwa wino mwekundu kwamba amechelewa, na mbele ya wanawake wengine akamuuliza alikuwa wapi siku zote.

Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2016 unaotaka mjamzito akutane na mtoa huduma angalau mara 8, mara ya kwanza ikiwa ndani ya wiki 12 za mwanzo, na mara 5 kati ya hizo zikiwa katika miezi mitatu ya mwisho. Mpango wa awali ulikuwa wa mahudhurio manne, nao uliachwa baada ya kuonekana kwamba uliambatana na vifo zaidi vya watoto wakati wa kuzaliwa au karibu na hapo. Shirika hilohilo linasema kumshirikisha mume ni jambo jema iwapo mwanamke mwenyewe anataka na uamuzi wake unaheshimiwa. Aliyegeuza jambo hilo kuwa kufuli la mlangoni atueleze alilisoma wapi.

Wiki hizo saba zilizopotea zina gharama yake. Kaswende, kwa mfano, hupimwa kwa tone la damu ya kidole na majibu hutoka kwa dakika zisizozidi 20. Ikigunduliwa mapema hutibiwa kwa sindano ya penisilini, na mtoto aliye tumboni hunusurika. Upungufu wa damu nao hautaki kusubiri, kwa maana vidonge vya madini ya chuma na asidi ya foliki humezwa kila siku kwa miezi, na mwanamke atakayeanza kuvimeza mwezi wa nane wa mimba hana muda wa kutosha wa kujaza damu kabla ya kujifungua. Halafu tunashangaa anapotokwa na damu wakati wa uzazi na mwili unashindwa kuhimili.

Simlaumu muuguzi peke yake, ingawa wino mwekundu sitausahau. Yuko mmoja, ndiye anayezalisha, anayechanja watoto na anayefunga vidonda, na mpira unaovuja aliukuta. Lakini waliomweka pale wanamtaka idadi ya wajawazito waliohudhuria, na idadi anawapa. Hakuna anayemuuliza ni wangapi walifungwa mkanda, wala wangapi walitoka na majibu ya damu siku ileile. Kwa hesabu hiyo, wifi yangu ni mafanikio manne.

Ninachodai hakihitaji jengo jipya wala mgeni rasmi wa kukata utepe. Mjamzito apokelewe siku yoyote anayofika, kwa sababu aliyetembea saa mbili na kurudishwa hatarudi kirahisi. Vipimo vya presha viwe viwili, ili kimoja kikiharibika kazi isisimame, na vijiti vya mkojo viagizwe kabla havijaisha badala ya mwezi mmoja baada ya kuisha. Huduma ya mkoba ifike kwenye vitongoji vya mbali kwa tarehe inayojulikana na isiyobadilishwa kiholela. Wahudumu wa afya wa jamii, ambao ndio huwa wa kwanza kujua nani ni mjamzito, wapewe mashine ya presha na mafunzo ya kuitumia, na wawe na namba ya kupiga ambayo itapokelewa hata usiku. Na pale ambapo kipimo hakikufanyika, kadi iachwe wazi. Nafasi tupu ingetushtua mapema; ile 120/80 ilitulaza usingizi.

Wifi yangu alilazwa, akapewa dawa za kushusha presha, na mtoto akatolewa katika wiki ya 36 akiwa mdogo lakini analia kwa nguvu. Juzi tulirudi kituoni kwa ajili ya chanjo. Kwenye benchi alikuwapo binti ambaye mimba yake ilikuwa bado haijaanza kuonekana, amekuja peke yake, anaambiwa arudi Jumatano. Mkanda ulikuwa juu ya meza, umekunjwa vilevile.