Nyuki wanajengaje masega, na malkia anapatikanaje? Nataka kuwaeleza wadogo zangu

dada_mkubwa

Habari za saa hizi, wazee shikamooni. Nina wadogo zangu wawili hapa, mmoja miaka 8 mwingine 11. Juzi tumeona nyuki wamejikusanya kwenye tawi, rundo zima linaning'inia kama mfuko, wakalala palepale, kesho yake mchana wakanyanyuka wote kwa pamoja wakapotea. Tangu siku hiyo ni maswali tu. Wanauliza nyuki anajuaje kutengeneza pembe sita wakati hana rula na ndani ya mzinga ni giza, na nani anawapangia kazi. Mimi nikawajibu malkia ndo anaamuru, na malkia anazaliwa malkia kama mtoto wa mfalme. Yule wa miaka 11 akanitazama akasema, "sasa kama malkia ni mmoja tu na akafa, huyo mwingine atazaliwa na nani?" Swali la haki kabisa na sitaki nimpe jibu la kubahatisha. Mnaofuga nyuki au mnaojua naombeni mnieleze, kwa lugha ambayo na wao wataishika.

mzee_wa_mizinga

Marahaba mwanangu. Hongera kwa kuwa na wadogo wanaouliza hivyo. Acha nianze na nta maana ndo nyumba yenyewe, ya malkia waje wengine waseme.

Wengi wanadhani nyuki anaiokota nta mahali, labda kwenye maua. Hapana, inatoka mwilini mwake. Chini ya tumbo la nyuki kibarua, yaani jike mfanyakazi, kuna tezi 8, nne upande huu nne upande ule, akifika umri wa siku kama 12 mpaka 18 zinakuwa zimekomaa, nta inatoka majimaji ikikutana na hewa inaganda inakuwa kigamba chembamba, fikiria gamba la dagaa ila dogo zaidi. Anakichomoa kwa mguu wa nyuma, anakipeleka mdomoni, anakitafuna anakichanganya na mate mpaka kilainike ndo anakibandika. Gramu moja tu ya nta ni vigamba kama 1000! Na nta ni ghali kwao, kwa makadirio ya wafugaji ili wapate kilo 1 ya nta wanakula asali kilo 6 hadi 8, ndo maana ukiona mfugaji anawarudishia nyuki masega matupu baada ya kukamua asali ujue amewapunguzia kazi kubwa mno.

Wakati wa kujenga wananing'inia wameshikana miguu, minyororo ya nyuki toka juu mpaka chini, wametulia tuli utadhani wamelala. Sega linaanzia juu linashuka, wao hawaanzi na msingi chini kama sisi. Mmoja anabandika kidogo anaondoka, anakuja mwingine anaendeleza palepale alipoachia mwenzake, anapapasa kwa vipapasio, pakiwa pazito anapunguza pakiwa pembamba anaongeza. Ukuta unaishia kuwa mwembamba chini ya sehemu moja ya kumi ya milimita. Giza haliwasumbui maana kazi yote ni ya kugusa, na mwili wa nyuki unajua juu ni wapi na chini ni wapi. Fundi mkuu hakuna, na mimi hiyo kila nikiitazama bado inanishangaza.

Waonyeshe na hili: vyumba havijalala sawasawa, mdomo umeinuka juu kidogo ili asali isichuruzike. Alafu vipo pande zote mbili za sega, mgongo kwa mgongo, ila havijapangwa kitako kwa kitako, kitako cha chumba kimoja kinaegemea vyumba vitatu vya upande wa pili. Ukipata kipande cha sega tupu jeupe wakakiinua kwenye mwanga wataona wenyewe bila kuambiwa.

Na kati ya sega na sega wanaacha njia ya kupita, kama milimita 6 hadi 9. Nafasi ikizidi wanaijenga sega, ikipungua wanaiziba kwa gundi yao. Mmarekani anaitwa Lorenzo Langstroth aliitambua nafasi hiyo mwaka 1851, ndo ikawezekana kutengeneza mizinga ya fremu unazozitoa na kuzirudisha bila kuvunja kitu.

hesabu_ni_tamu

Mzee ameeleza vizuri, mimi naongeza hapo kwenye pembe sita tu, maana mtoto wa miaka 11 anaweza kulifanya hili mwenyewe mezani. Kata uzi wa sentimita 24. Ukitengeneza pembetatu ya pande sawa, kila upande 8, ndani unapata eneo kama 27.7. Uzi uleule ukifanya mraba, kila upande 6, unapata 36. Ukifanya pembe sita, kila upande 4, unapata kama 41.6. Yaani uzi ni uleule ila chumba kinazidi kukua. Sasa atakuuliza kwani kwanini asifanye duara, duara lina 45.8 ndo kubwa kuliko yote, na hapo umwambie achore maduara mengi yaliyogusana aone, kati yake kuna mapengo, yale mapengo ni nta inayojazwa bure. Maumbo ya pande na pembe sawa yanayojipanga peke yake bila kuacha pengo ni matatu tu, hiyo pembetatu, mraba na pembe sita, na pembe sita ndo linatumia ukuta kidogo kwa nafasi kubwa. Watu walihisi hivyo tangu zamani za kale ila uthibitisho kamili wa kihesabu ulitolewa mwaka 1999 na Thomas Hales. Nyuki hapigi hesabu hiyo kichwani, lakini ukikumbuka kilo ya nta inakula asali kiasi gani utaona kwanini anayejenga kwa nta kidogo anabaki na chakula kingi.

asali_mbichi

Kuhusu malkia ni rahisi, malkia ni yule aliyelishwa maziwa ya malkia na wengine hawayaonji kabisa. Basi.

mama_wa_majana

Ndugu asali_mbichi umekaribia, ila hapo kwenye "hawayaonji kabisa" sipo na wewe, na kwa watoto ni vizuri tukisema sawasawa. Majana wote, namaanisha watoto wa nyuki wale kama funza weupe waliojikunja chumbani, siku zao za mwanzo wanalishwa ute mweupe unaotoka kwenye tezi za kichwani za nyuki wachanga walezi, ndo hayo maziwa ya malkia. Wote, hata majana ya madume. Baada ya siku kama 3, jana wa kibarua anabadilishiwa anaanza kupewa asali na chavua. Yule aliyechaguliwa kuwa malkia habadilishiwi, anaendelea na maziwa tu tena mengi mpaka anaelea ndani yake.

Kwahiyo dada_mkubwa mwambie mdogo wako: malkia na kibarua wanatoka kwenye yai la aina moja. Malkia hazaliwi malkia, analelewa mpaka anakuwa malkia. Akifa leo, mayai yake na majana wadogo bado wapo kwenye sega, vibarua wanachagua kadhaa wenye umri wa siku moja au mbili hivi, wanavunja kuta za pembeni wanapanua chumba wanakielekeza chini, wanaanza kumwaga maziwa. Mama ameshakufa na mtoto wake anakuja kuwa malkia, hilo ndo jibu la swali lake.

Chumba chenyewe sio cha pembe sita. Kinaning'inia mdomo ukiangalia chini, kirefu kina mikunjomikunjo kama karanga yenye ganda. Hesabu ya siku ni hii, yai siku 3, linaanguliwa anakula mpaka kama siku ya 8 chumba kinafunikwa kwa nta, na siku ya 16 malkia anatafuna kifuniko anatoka. Kibarua anachukua siku 21, dume 24. Yaani yule mkubwa wa mwili anayekuja kuishi miaka ndo anaiva haraka kuliko wote, na kibarua wa msimu wa kazi nyingi anaishi wiki kama 6 tu.

Akitoka wa kwanza ndo kuna jambo ambalo wadogo zako watalipenda. Anapiga sauti! Anajibana kwenye sega anatetemesha misuli ya mabawa bila kuyakunjua, tuuuu tu-tu-tu, na wale malkia wengine ambao bado wamefungiwa wanamjibu kwa sauti nzito kwa-kwa-kwa. Ukiweka sikio kwenye mzinga jioni unasikia kabisa. Mara nyingi anawatafuta anatoboa vyumba vyao pembeni anawadunga mwiba humohumo, na mwiba wake haung'oki kama wa kibarua, anaweza kuutumia tena. Wakitoka wawili kwa pamoja wanapigana anabaki mmoja. Najua kwa watoto ni kitu cha kusikitisha, mimi wangu niliwaambia hivyohivyo bila kuficha.

Baada ya siku chache anatoka kuruka, anapandwa hewani na madume kama 10 mpaka 20 na kila dume linakufa palepale. Anarudi na mbegu za maisha yake yote kwenye kifuko kidogo tumboni. Kutoka hapo ni kutaga, msimu mzuri hadi mayai 1500 kwa siku na zaidi. Anapima chumba kwa miguu ya mbele kwanza, kikiwa chembamba anatoa yai lililorutubishwa, huyo ni jike, kikiwa kipana anatoa yai lisilorutubishwa, huyo ni dume. Dume halina baba, ila lina babu mzaa mama.

Sasa hilo la kuamuru. Malkia hamwamuru mtu. Zamani watu wa Ulaya walimwita mfalme mpaka Mholanzi Jan Swammerdam katika karne ya 17 alipompasua akakuta mayai, wakabadilisha jina ila wazo la kutawala likabaki. Kazi ya malkia ni kutaga na kunukia. Harufu yake inasambazwa na vibarua kutoka mdomo hadi mdomo, ikipotea ndani ya masaa machache tu mzinga mzima unajua hayupo, mlio wao unabadilika. Wanaoamua kulea malkia mpya ni vibarua. Na lile rundo mliloliona kwenye tawi ni malkia mzee ameondoka na karibu nusu ya kundi, amewaachia binti zake nyumba. Pale walikuwa wanasubiri wapelelezi wao, kila mpelelezi akipata tundu zuri anarudi anacheza juu ya migongo ya wenzake, ngoma ile inaonyesha upande na umbali, alipendaye sana anacheza zaidi, wengine wanaenda kukagua, mpaka karibu wote wanacheza ngoma ya sehemu moja ndo wananyanyuka. Karl von Frisch ndiye aliyeisoma ngoma hiyo, akapata tuzo ya Nobel mwaka 1973.

dada_mkubwa

Jamani asanteni sana, nimewasomea yote. Uzi umekatwa, karatasi zimejaa maduara. Sasa yule wa miaka 11 amerudi na jingine, anasema je malkia akifa na majana wote wameshakuwa wakubwa, hakuna wa siku moja wala mbili, inakuwaje?

mama_wa_majana

Mpe mkono huyo mtoto. Hilo limenikuta mimi mwenyewe mwaka wangu wa pili wa kufuga. Nilifungua mzinga nikakuta vyumba vya malkia vingi pembeni mwa masega, vimeshafunikwa, nikajua wanajiandaa kugawanyika, na mimi sikutaka nipoteze nusu ya kundi, nikavikata vyote. Kitu nilichopaswa kufanya kwanza ni kumtafuta malkia mzee na mayai, sikufanya. Alikuwa ameshaondoka, na vile vyumba ndo vilikuwa tumaini lao lote na mimi nilikuwa nimevishika mkononi. Nikavitupa.

Nikarudi baada ya wiki kama tatu. Mlio wa mzinga haukuwa ule, ulikuwa kama mguno mrefu, na masega ya katikati matupu hamna yai wala jana hata mmoja. Niliumia sana. Wakikaa hivyo bila malkia wala majana kwa wiki kadhaa, baadhi ya vibarua wanaanza kutaga wenyewe, ila hawajapandwa kwahiyo mayai yao yote ni madume, unakuta mayai mawili matatu ndani ya chumba kimoja, na kundi linakwisha polepole maana hakuna vibarua wapya. Mimi niliwahi kabla hawajafika huko. Nilichukua fremu moja yenye mayai na majana wadogo kutoka mzinga mwingine, nikawakung'uta nyuki wake, nikaipachika katikati. Baada ya siku 3 nikachungulia, vyumba vinne vya malkia vimeshaanza, na kila kimoja kina maziwa. Watoto hawakuwa wao lakini waliwalea. Tangu hapo sikati chumba cha malkia kabla sijaona mayai kwa macho yangu.

mzee_wa_mizinga

Na yule mdogo wa miaka 8 hajauliza?

dada_mkubwa

Ameuliza mzee, nilikuwa naona aibu kuandika maana nilidhani ni la kitoto. Anauliza malkia akizeeka na wakamlea mwingine humohumo ndani, yule bibi wanamfukuza?

mzee_wa_mizinga

Sio la kitoto hata kidogo. Vibarua wakiona malkia amechoka, mayai yamepungua na harufu imefifia, wanajenga vyumba viwili vitatu tu katikati ya sega, wanalea mbadala bila kundi kugawanyika. Mara nyingine binti anamuua mama au vibarua wanamzonga mpaka afe. Ila mara nyingine hapana, wanakaa wote wawili. Nimewahi kufungua mzinga nikamkuta mama na binti juu ya sega moja, kila mmoja anataga upande wake, wamepishana kama kiganja hivi. Nikafunika taratibu. Wiki chache baadaye nilipofungua tena binti alikuwa peke yake.