Naomba ushauri: shingo ilimpinda baada ya kutibiwa malaria

Wenzangu, hamjambo. Mdogo wangu wa kike, miaka 17, alipimwa juzi huku Likoni, Mombasa, akakutwa na malaria. Akapewa zile dawa za kawaida, artemeta na lumefantrini, vidonge 4 asubuhi na 4 jioni kwa siku 3. Kwa vile alikuwa akitapika, wakamdunga na metoklopramidi.

Usiku shingo ikampinda upande, macho yakageuka juu, taya likakaza, neno halitoki. Lakini akili timamu, anatusikia, machozi yanamtiririka. Nyanya akasema ni jini, aletewe kombe, yale maji ya aya za Kurani. Sikubishana naye, nilikimbilia tuktuk. Hospitalini ng'ambo ya feri wakamdunga sindano nyingine, haikuchukua muda shingo ikarudi. Daktari akasema chanzo ni ile dawa ya kuzuia kutapika, vijana huwapata zaidi, ingawa hata dawa nyingine za malaria, amodiakwini na klorokwini, huweza kuleta hali kama hiyo.

Ametuambia amalize dozi. Vidonge vimebaki 12, naye hataki hata kuviona! Aliyepitia haya alimshawishi vipi mgonjwa wake? Na jina la ile sindano ya kuzuia kutapika, kuliandika kwenye kitabu chake cha kliniki kunatosha?