Baba mchungaji ameitwa kuhudumu Ujerumani miaka mitatu. Mimi mke nikafanye nini huko? Naomba ushauri

MamaWaKibanja:
Bwana Yesu asifiwe wapendwa. Naomba ushauri, hasa kwa waliowahi kutumika nje wakiwa wanandoa wa umri wetu.

Mume wangu ni mchungaji wa KKKT huku Kagera, ana miaka 57. Mimi nina 56, nilikuwa muuguzi wa serikali na nimestaafu kwa hiari. Watoto wamekua, wa mwisho anamalizia chuo. Mipango yetu ilikuwa kukisafisha kibanja kilichoshambuliwa na mnyauko, tupande migomba upya, halafu mimi nifungue duka la dawa muhimu pale senta. Ndipo dayosisi ikampendekeza kwenda kuhudumu Ujerumani kupitia UEM (umoja wa misheni wa makanisa), mkataba wa miaka 3, kwenye usharika mmoja magharibi mwa nchi ile. Barua yote ni yake. Mimi nimetajwa mara moja, mwishoni kabisa: "pamoja na mwenza wake".

Yeye moyo umeshakwenda. Ameanza hata kujifunza salamu za Kijerumani kwenye simu. Mimi sikatai utume. Nimemfuata kila usharika aliohamishiwa, na kila tulikofika nilikuwa na kazi yangu: zahanati, umoja wa wanawake, wagonjwa wa majumbani. Lakini huko sijui lugha, sina zahanati, sina wanawake wenzangu. Naogopa kushinda dirishani nikimsubiri arudi.

Halafu kuna mama mkwe. Ana miaka 84, ana presha, na anaishi nasi. Mashemeji wako Mwanza na Dar.

Nikienda, nitafanya nini? Mama tumwache na nani? Na je, ni vibaya baba akatangulia, mimi nikamfuata baada ya mwaka? Naombeni mambo halisi. "Mama nenda tu, Bwana atatangulia" naliamini tayari.

MchgMstaafu_Lushoto:
Mama mchungaji, shalom. Mimi na mke wangu tulitumika Westfalia, magharibi mwa Ujerumani, tukiwa tumeshavuka hamsini, kwa hiyo nasema nilichokiona.

Nianze na swali lako la mwisho. Msitengane. Mchungaji anayefika peke yake anapewa ofisi, ratiba na funguo za kanisa, na jioni anarudi kwenye nyumba isiyo na mtu. Wale ndugu ni wema sana, lakini hawapiti kukusalimu bila miadi. Mwezi wa Desemba jua linazama kabla ya saa kumi na moja jioni. Mtu aliyezoea nyumba ya mchungaji ya kwetu, ambayo haikosi mgeni barazani, anaumia pasipo kujua kinachomuumiza. Na wewe ukija baada ya mwaka utamkuta ana marafiki wake, lugha yake na ratiba yake, wewe ndiyo unaanza. Anzeni pamoja, mkosee lugha pamoja.

Sasa kazi yako. Usharika wetu ulikuwa na ibada saa nne kamili, na saa tano watu wameshatoka. Waumini wengi walikuwa wazee, wameketi viti vya nyuma, vya mbele vitupu. Hakuna mnada wa mayai na ndizi baada ya ibada. Kuna kahawa ukumbini, na hapo ndipo watu huongea. Kwa wiki nyingi mke wangu alishika kikombe chake na kutabasamu tu.

Kilichomfungulia mlango ni desturi yao moja. Muumini akifikisha miaka 80 na kuendelea, mchungaji humtembelea siku ya kuzaliwa. Nilianza kwenda naye. Mimi nilikuwa napeleka kadi na neno la Mungu, naongea robo saa, najiandaa kuondoka. Yeye alikuwa akiketi karibu na mzee. Kuna bibi mmoja miguu yake ilikuwa imevimba. Mke wangu (si muuguzi, ni mwalimu) akavuta kigoda, akaiinua miguu ya yule bibi taratibu, akaiegemeza pale. Hakusema neno, maana hakuwa nalo. Yule bibi akaanza kumfundisha majina ya vitu vya mezani, kimoja kimoja. Akamwambia aje tena Alhamisi. Wazee wana muda, mama, na hawakuchoki ukikosea. Kijerumani cha darasani kilimpa cheti, cha wazee kilimpa maongezi. Mwaka wa pili alikuwa na asubuhi zake mbili kila wiki kwenye nyumba ya wazee ya kanisa, na watu wakikutana na mimi barabarani walikuwa wanamuulizia yeye kwanza.

Wewe ni muuguzi. Unakwenda mahali penye wazee wengi wanaokaa peke yao. Kazi unayo. Ila isiachwe ijitokeze yenyewe. Kabla baba hajasaini, ombeni iandikwe: mama atasoma lugha kwa muda gani, nani analipa, na usharika unampa nafasi gani ya huduma. UEM tangu 1996 ni jumuiya ya makanisa ya Afrika, Asia na Ujerumani, na sisi ni wanachama kama wao. Kuomba hilo si utovu wa adabu.

Nalisema kwa uchungu kidogo. Wamisionari walifika Mlalo kwetu 1891, na wamisionari wa Bethel, Ujerumani, wakafika kwenu Bukoba 1910. Waume tunawasoma kwenye historia za kanisa. Wake zao waliouguza na kufundisha tunawataja kwa nadra. Tusiurudie mtindo huo sisi wenyewe tukiwa tumetumwa upande wa pili.

Mwana_Ngara:
Mimi naona tofauti. Kanisa letu lina mitaa isiyo na mchungaji, mwinjilisti mmoja anazunguka kwa baiskeli vijiji vitatu. Leo tunampeleka mchungaji mwenye uzoefu kwa watu wenye fedha, vyuo na makanisa ya mawe. Wao ndio walituletea Injili. Wajihubirie.

Msharika_Kijitonyama:
Mwana_Ngara, uchungu wako una haki kuhusu mitaa isiyo na wachungaji, lakini usidhani kule hakuna uhitaji. Mwaka 2023 peke yake Waprotestanti wapatao 380,000 walijitoa kwenye makanisa yao Ujerumani. Kule muumini hukatwa kodi ya kanisa pamoja na kodi ya mapato, asilimia 8 au 9 ya kodi hiyo kutegemea jimbo, na anayetaka kutoka anakwenda kwenye ofisi ya serikali anajiandikisha kuwa ametoka. Wengi hawana ugomvi na mtu. Wametoka tu. Hilo si jangwa la kuhubiri?

Na kutoka Kagera kwenda kutumikia dunia si jambo geni. Askofu Josiah Kibira wa Bukoba aliongoza Fungamano la Kilutheri Duniani kuanzia 1977 hadi 1984, Mwafrika wa kwanza.

Nesi_Bielefeld:
Shikamoo mama. Mimi ni muuguzi huku, niko karibu kabisa na Bethel, ile ile iliyotuma wamisionari Bukoba. Ni kama mji mzima wa kuhudumia wagonjwa na wenye ulemavu, ulianza 1867. Nakupa ya makaratasi, maana ndiyo yanayowachelewesha watu.

Lugha: mwenza mara nyingi hudaiwa cheti cha Kijerumani cha A1, ngazi ya kwanza, kabla ya viza. Usisubiri barua ya ubalozi. Goethe-Institut, taasisi ya lugha na utamaduni ya Ujerumani, iko Dar, ulizia kozi na tarehe za mtihani mapema. A1 ni kujitambulisha, kuuliza bei, kujaza fomu. Kwa mtu aliyesoma uuguzi haikushindi.

Kazi: mwenza aliyeingia kwa viza ya familia anaruhusiwa kufanya kazi. Lakini kusajiliwa kama muuguzi kamili ni safari nyingine: vyeti vyako vinakaguliwa na lugha inatakiwa ifike B2, ngazi ya juu zaidi ya A1. Kwa miaka 3, kwa umri wako, mimi nisingeitumia nguvu yangu huko. Kaa kwenye kujitolea au kazi ya saa chache kwenye nyumba ya wazee. Mikono yako wataitambua ndani ya siku chache, cheti au bila cheti.

Bima: kama baba yuko kwenye bima ya afya ya umma, mwenza asiye na kipato anaingia kwenye bima yake bila kuongeza mchango. Njoo na maandishi ya daktari kuhusu dawa zako zote, majina ya kitaalamu, si ya kibiashara, maana majina ya makopo hubadilika.

Mafao: baba akiajiriwa huku na kukatwa pensheni, miaka 5 ya michango ndiyo inayompa mtu haki ya pensheni ya Ujerumani. Chini ya hapo, Mtanzania aliyerudi nyumbani anaweza kuomba arudishiwe sehemu aliyokatwa yeye, lakini ni baada ya miaka 2 tangu aache kuchangia. Tunzeni kila karatasi. Wapo waliorudi wakatupa zile barua na maboksi.

Makoti msinunue Kariakoo. Huku kuna maduka ya mitumba ya makanisa, koti zito la maana utalipata kwa bei ndogo. Unga wa sembe na ndizi za kupika vipo maduka ya Waafrika mijini. Ndizi zenyewe si zile za kwenu, nisikudanganye.

Na hili niliseme wazi: kuna siku mtu atahama kiti kwenye basi ukikaa. Na kuna usharika utamtaka baba apige ngoma kila mwaliko na kusimulia umaskini wa Afrika. Akatae mapema na kwa upole, aombe kuhubiri kama wachungaji wengine. Wakimzoea hivyo mwezi wa kwanza, watamheshimu hivyo hadi mwisho.

BintiWaMchungaji:
Mama pole na hongera. Wazazi wangu walikwenda hivyo hivyo, bibi mzaa baba akabaki kwetu Pare. Nizungumzie huyo bibi.

Msiamue bila yeye. Kwetu kikao kilifanyika bibi akiwa jikoni, akaja kuambiwa tu. Aliitikia vizuri, lakini kwa muda mrefu alikuwa akiuliza "kwani niliwakosea nini". Mkalishe mama katikati ya kikao, watoto wake wote wawepo hata kama ni kwa simu, aseme mwenyewe anataka kubaki kibanjani na nani. Wazee wengi hawataki kupelekwa Dar kwenye nyumba ya ghorofa.

La pili ni gumu kulitaja lakini lazima. Bibi alifariki wazazi wakiwa huko. Baba alipata tiketi, mama hakupata, kwa sababu mkataba ulimtaja baba peke yake. Mama alimzika mama mkwe wake kwa simu ya video, mtandao ukikatika kaburini. Aliishi naye kuliko hata baba alivyoishi naye. Ulizeni sasa hivi: msiba ukitokea, nani anasafirishwa? Wazazi wa pande zote mbili wanahesabika? Na jibu liwe kwenye maandishi.

Upendo_K:
Hili la tiketi ya msiba limenigusa. Mama, usiogope kuonekana una madai.

MamaWaKibanja:
Asanteni sana wapendwa. Nimesoma yote, nikamsomea na baba. Alikaa kimya kwenye ile ya BintiWaMchungaji, kisha akasema tuandike barua.

Tumeandika. Tumeomba mambo manne: kozi yangu ya lugha, nafasi yangu ya huduma itajwe, tiketi za msiba kwa sisi wawili, na maelezo ya mafao. Tumeipitisha kwa mkuu wa jimbo kwanza, ametuunga mkono.

Kikao tulikifanya Jumamosi. Mama mkwe amesema hahami. Anataka binti wa shemeji wa Mwanza, ambaye yuko nyumbani na mtoto mdogo, aje kukaa naye. "Nataka mtoto alie humu ndani," ndivyo alivyosema. Jirani yangu, muuguzi mwenzangu, atampima presha kila wiki na kunitumia vipimo. Kwa hiyo tukijibiwa vizuri, tunaondoka pamoja.

Limebaki moja. Habari zimeshaenea, na ndugu wameanza kuorodhesha: ada, bati, pikipiki. Usharika nao unataka vyombo vya muziki. Mnajibuje haya bila kuvunja undugu?

MchgMstaafu_Lushoto:
Kwa ndugu, kaeni wawili kabla ya safari mpange kiasi ambacho mtatuma kila mwezi, kwanza cha mama, kisha cha mtu mmoja au wawili mliokuwa mkiwasaidia tangu hapo. Mkitangaze hicho kikaoni, wote wakisikia, na zaidi ya hapo kila ombi lijibiwe na ninyi wawili, asijibu mmoja.

Kwa usharika, msibebe ombi lolote mfukoni. Dayosisi na majimbo yana uhusiano rasmi na makanisa ya kule, na maombi ya vyombo yapite huko kwa barua yenye muhuri. Mchungaji akianza kuomba vinanda mwaka wa kwanza, hata mahubiri yake yatasikilizwa kama utangulizi wa ombi.

Nesi_Bielefeld:
Mama, kama mnapewa nafasi ya kuchagua mwezi, ombeni kufika Machi au Aprili. Mtapata miezi ya mwanga ya kuzoea njia, basi, soko na majirani kabla baridi haijaingia. Na A1 anza wiki hii. Nitumie ujumbe wa faragha, tutafanya mazoezi kwa simu Jumapili jioni.