Uzi wa malalamiko: "Chiriku mpole" aliyeshinda shindano letu ni ndege mgonjwa, na waandaaji walikwisha kuambiwa

Ndugu wanajukwaa, nafungua uzi huu nikiwa na hasira, na sioni sababu ya kuificha. Katika kikundi chetu cha wapiga picha wazungumzao Kiswahili hapa Uingereza, picha iliyopewa nafasi ya kwanza katika shindano la majira ya baridi ni ya chiriku wa kijani, yule mwenye mstari wa njano bawani, aliyetua kwenye ubao wa chakula katika bustani ya mmoja wa waandaaji. Manyoya yake yamefura hadi shingo haionekani, macho yamefumba nusu, na maganda ya alizeti yamenata kwenye mdomo uliolowa mate. Wanachama kadhaa wamemsifu kwamba ni mpole, kwa kuwa hakuruka hata mpiga picha aliposogea karibu kabisa. Hakuruka kwa sababu hakuwa na nguvu za kuruka.

Dalili hizo zinajulikana na kila anayelisha ndege katika nchi hii, au angalau zingepaswa kujulikana. Kuna kimelea kiitwacho Trichomonas gallinae, ambacho kwa muda mrefu kilijulikana zaidi kama ugonjwa wa njiwa na wa ndege mbuai wanaowala njiwa hao, lakini kuanzia mwaka 2005 kikaanza kuonekana kwa chiriku wa Uingereza. Hushambulia koo, ndege akawa anatafuna mbegu asiweze kuimeza, akaitema ikiwa imelowa mate, na chiriku mwenzake mwenye afya akaja kuiokota palepale. Mgonjwa hukaa kwenye chombo cha chakula muda mrefu kwa sababu ana njaa isiyoshibishika, hudhoofika, na mara nyingi hufa ndani ya siku au wiki chache. Ndani ya miaka michache tu chiriku wa kijani wa Uingereza walipungua kwa takriban theluthi moja, na mwaka 2021 ndege huyu, ambaye zamani alionekana katika karibu kila bustani, akaingizwa katika orodha nyekundu ya ndege walio hatarini zaidi nchini. Huyo ndiye tuliyempa zawadi kwa kuwa "mpole".

Najua atakayejibu kwamba ndege wote hujivimbisha wakati wa baridi ili wahifadhi joto. Ni kweli, na ndiyo maana picha za robini aliyejikunja kama mpira juu ya theluji hupendeza na hazina ubaya wowote. Lakini mwenye afya akikuona unamkaribia hujibana manyoya mara moja, hugeuza kichwa, huondoka. Yule anayebaki amevimba, mdomo umelowa, huku watu wanne wanabadilishana lenzi mbele yake, si ndege wa kusifiwa utulivu.

Sasa niseme kuhusu kibanda cha kupigia picha kilichomo katika bustani hiyo, kwa maana hapo ndipo uchungu wangu ulipo. Wanachama hulipa ili wakae ndani yake na kupiga picha kupitia kitundu. Mbele yake kumewekwa ubao mpana, tambarare, na juu ya ubao huo limelazwa gogo lenye ukungu wa kijani, ambalo nyufa zake zimepakwa shahamu na kujazwa mbegu kwa upande usioonekana na kamera, ili picha ionekane kana kwamba ndege amejitulia msituni. Vyombo vingine vyote vya bustani huondolewa siku hiyo, ili ndege wote walazimike kusongamana mahali pamoja. Kinyesi hufutwa kwa kidole cha glavu pale tu kinapoharibu picha, na kisichoonekana huachwa. Gogo haliwezi kusuguliwa kwa sababu ukungu wake utatoka na "mandhari" yataharibika. Mbegu za juzi zilizolowa mvua huchanganywa na za leo. Mtu akitaka kubuni njia ya kuhakikisha kwamba mate ya ndege mmoja yanafika kinywani mwa wengine wote, atahangaika sana kupata iliyo bora kuliko hiyo.

Na si kwamba elimu imekosekana. Kimelea hiki hakivumilii ukavu, kwa hiyo shauri linalotolewa ni rahisi: osha vyombo angalau mara moja kwa wiki, viache vikauke kabisa kabla ya kujaza tena, badilisha maji kila siku, hamisha mahali pa kulishia, toa kiasi kinachokwisha siku hiyohiyo. Shirika la RSPB lenyewe, yaani shirika la kuhifadhi ndege la Uingereza, ambalo limekuwa likiwahimiza Waingereza kuwahesabu ndege wa bustani kila Januari tangu mwaka 1979, mwaka 2025 lilisitisha kuuza vyombo vyote vya kulishia vilivyo tambarare, kwa hofu ya ugonjwa huuhuu. Sisi tunauza nafasi za kukaa mbele ya ubao wa aina hiyo.

Karanga walizowekewa ndege nazo zilikuwa za gunia la bei nafuu, nyingine zina vumbi la kijivu. Watu wa Dodoma na Manyara kule Tanzania hawahitaji kuelezwa sumukuvu, ile sumu ya ukungu wa karanga na mahindi, ni nini baada ya vifo vya mwaka 2016, na ndege nao huuawa nayo.

Nilipowaandikia waandaaji faraghani, nilijibiwa kwamba chakula kikiondolewa ndege watakufa njaa. Jibu hilo limenikera kuliko kukaa kimya. Mimi si mpinzani wa kulisha ndege. Usiku wa Desemba hapa huzidi saa kumi na sita, na ndege wa gramu kumi na moja anaulala wote akichoma mafuta aliyoyakusanya mchana mfupi, hivyo wiki ya barafu chombo safi chenye alizeti ni msaada wa kweli. Lakini anapoonekana mgonjwa, kinachotakiwa ni kuondoa chakula na maji kwa muda wa wiki mbili au zaidi ili ndege watawanyike, wasiendelee kuambukizana. Hata dawa haisaidii, kwani hakuna awezaye kuhakikisha kila ndege wa porini amekunywa kipimo chake. Kwa hiyo huruma inayotajwa kwenye jibu lile haikuhusu ndege. Kibanda kilikuwa kimekwisha kulipiwa hadi mwisho wa Februari.

Nadai mambo yafuatayo, na nayadai hadharani kwa kuwa faragha haikusaidia. Picha ile iondolewe kwenye nafasi ya kwanza, na maelezo ya ugonjwa yaandikwe chini yake ili wanachama wapya wasijifunze kuusifu. Kibanda kifungwe leo, ubao na gogo vichomwe moto, waliolipa warudishiwe fedha zao. Majaji waeleze ni nani kati yao aliyeziona dalili zile akanyamaza. Mwenye picha nyingine za bustani hiyo kuanzia mwezi Desemba azibandike hapa chini, zote, hata zile mbaya, tutazame ni ndege wangapi wana mdomo uliolowa. Waandaaji ni wanachama wa jukwaa hili na wanausoma uzi huu. Nasubiri majibu yao kabla ya Jumamosi, siku ambayo kundi linalofuata limepangiwa kuingia kibandani.